Laptopu imetulia lakini feni inavuma: shika daftari kabla ya bisibisi

Kazi yangu ni kusikiliza. Naletewa sauti za mahojiano na mikutano, naziandika neno kwa neno, na nalipwa kwa kila dakika ya sauti niliyomaliza. Naifanya usiku kuanzia saa nne, nikiwa kwangu Umoja, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, wakati makanga wamenyamaza na jirani wa juu ameacha kuburuta viti. Mwezi wa pili kelele ikaanza kutoka kwenye laptopu yenyewe. Nimefunga kila kitu, skrini iko tupu, na feni inavuma kama stovu ya kupampu. Pale kando hewa inapotokea, mkono haukai. Kulikuwa na mzee kwenye rekodi moja aliyezungumza kwa sauti ya chini sana. Sekunde zilezile nilizirudia mara sita na bado sikumpata.

Nikaibeba hadi mjini. Fundi akaipapasa chini, akasema, "Madam, hii inataka pesti mpya." Pesti ni ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za laptopu, na shaba inayobeba joto. Nikalipa shilingi 2,500, nikarudi nyumbani, na kwa wiki moja kukawa na afadhali. Kisha mvumo ukarudi vilevile.

Pesti ilikuwa nzuri, ila shida haikuwa hapo. Tangu siku hiyo nimeishughulikia yangu mwenyewe, ya kaka yangu, na za majirani wanne kwenye ploti yetu, na kila mara nimeanzia mahali pamoja. Feni haivumi bure. Ama kuna kazi inayoendelea ndani usiyoiona, ama joto limekosa njia ya kutoka. Ni maradhi mawili makuu (la tatu, feni yenyewe kuharibika, nitalifikia mwisho), na dawa ya moja haiponyi jingine. Kuyatofautisha hakuhitaji pesa, kunahitaji daftari na robo saa ya subira.

Kama una Windows, pakua programu iitwayo HWiNFO inayosoma joto na wati za prosesa, ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Ukiwa na Linux, weka kifurushi cha lm-sensors kisha andika amri ya sensors. Weka laptopu juu ya meza ngumu, chomeka chaja, funga kila kitu ulichofungua, halafu uiache. Usiipime dakika tatu baada ya kuiwasha, kwa sababu wakati huo Windows inatafuta masasisho, kinga ya virusi inakagua faili, na prosesa iko mbioni kihalali. Ngoja dakika 15. Kisha andika tarakimu nne: asilimia ya prosesa inayotumika, halijoto yake, wati inazokula (kwenye HWiNFO tafuta mstari wa CPU Package Power, CPU ndiyo prosesa), na joto la chumba. Kama huna kipimajoto cha ukutani, andika tu saa na hali ya hewa.

Hili la chumba watu hulidharau. Laptopu haiwezi kupoa chini ya hewa inayoizunguka. Nyuzi 48 alasiri ya Februari ambapo chumba kina nyuzi 28, na nyuzi 48 usiku wa Julai ambapo chumba kina nyuzi 15, ni habari mbili tofauti kabisa. Toa joto la chumba kwenye joto la prosesa. Tofauti hiyo ndiyo ya kulinganisha mwezi hadi mwezi. Tena sisi wa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15, kwa hivyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa pungufu. Sisi hufidiwa na ubaridi wa usiku, lakini ukisoma mahali kwamba laptopu kama yako hukaa nyuzi 38 ikiwa imetulia, usishtuke yako ikisema 43.

Kwa laptopu ya kawaida ya ofisi, hizi za mitumba kutoka Uingereza tunazonunua mjini, nyuzi 35 hadi 50 ikiwa imetulia ni sawa. Ikifika 60 naanza kuuliza maswali. Ikipita 70 bila kazi yoyote, kuna tatizo. Laptopu za michezo zenye kadi kubwa ya michoro hukaa juu kidogo. Wala usiogope kwamba nyuzi 70 zitaiunguza usiku huohuo: prosesa nyingi za Intel za laptopu huvumilia hadi nyuzi 100, na zikikaribia hapo hujipunguza kasi zenyewe ili zisiharibike. Hasara ni kwamba ukianza kazi kutoka 70, nafasi iliyobaki ni ndogo. Utaifika 100 upesi, mashine itakuwa nzito, na feni haitanyamaza.

Yangu usiku ule wa kwanza wa daftari ilisema hivi: prosesa asilimia 13, nyuzi 71, wati 9, chumba 24.

Hizo wati ndizo zilizonifungua macho. Prosesa ndogo ya laptopu ikiwa haifanyi kitu hula wati moja, mbili, pengine tatu. Yangu ilikuwa inakula tisa. Kuna mtu alikuwa kazini humo ndani. Kama ingesema wati 2 na nyuzi 71, basi ningejua kazi hakuna ila joto limefungiwa. Na kama ingesema wati 2, nyuzi 42, huku feni inapiga kelele, ningeangalia feni yenyewe. Shika hizo hali tatu, nitazifuata moja baada ya nyingine.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager itafunguka, ile orodha ya Windows ya kila kinachofanya kazi. Ngoja sekunde kumi, maana kule kufunguka kwenyewe kunaichangamsha prosesa, kisha bofya safu ya CPU ili wanaokula zaidi wapande juu. Wengi hutafuta programu inayokula asilimia 80 au 90, wasipoiona wanafunga. Prosesa yangu ni i5 ya kizazi cha nane, ina viini vinne na njia nane za kazi. Programu ikikwama katika njia moja tu, ikizunguka humo bila kikomo, ukurasa wa Details wa Task Manager utaonyesha kama asilimia 12 au 13, kwa sababu hiyo ni sehemu moja ya nane. Unaona 12, unadhani ni kidogo. Lakini kile kiini kimoja kimepandishwa kasi hadi juu kabisa, kwa yangu ni gigahezi 3.4 badala ya 1.6 za kawaida, na kasi hiyo huja na volti nyingi na joto jingi. Gawa 100 kwa idadi ya njia za prosesa yako. Ukiona tarakimu hiyo imekaa palepale haitikisiki, umemkamata mwizi.

Wangu alikuwa programu ya printa. Laptopu ilikuja nayo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, mtu wa ofisi fulani huko ng'ambo. Ilikuwa ikitafuta printa ambayo haitaipata Umoja, usiku na mchana. Niliibofya kwa kitufe cha kulia, nikachagua Open file location ili nijue ni ya nani, nikahakikisha si sehemu ya Windows, kisha nikaiondoa kupitia Settings. Wati zikashuka hadi 2.5, na nyuzi zikashuka kutoka 71 hadi 59.

Hapo pia nikaelewa kwa nini kwa fundi ilitulia. Mimi nilikuwa na tabia ya kufunika skrini tu nikimaliza kazi. Fundi aliizima na kuiwasha upya, ile programu ikaanza mwanzo, ikachukua siku kadhaa kukwama tena. Na jua kwamba Shut down kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi haizimi kila kitu: mfumo huhifadhi sehemu ya kumbukumbu zake ili uwake haraka kesho. Ukitaka mwanzo mpya kweli, chagua Restart. Jaribu hilo kabla ya jambo lolote lingine.

Wako wengine utakaowakuta juu ya orodha. Windows Modules Installer Worker inaweka masasisho, Antimalware Service Executable inakagua virusi, na kuna ile ya kuorodhesha faili kwa ajili ya utafutaji. Hawa usiwaue. Iache laptopu kwenye chaja usiku kucha wamalize, na ikiwa baada ya siku mbili bado wanakula, ndipo kuna hitilafu ya kufuatilia. Kivinjari ni hadithi nyingine. Kichupo kimoja cha habari chenye matangazo ya video kinatosha kuamsha feni. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc, utaona kila kichupo kinakula kiasi gani, na utashangaa.

Kijana wa chuo anayekaa chumba cha tatu aliniletea yake akisema, "Siste, ina pepo." Kila akifungua Task Manager aone nani anakula, feni inanyamaza, akiifunga, baada ya dakika moja inavuma tena. Hiyo ni dalili ninayotaka uikumbuke. Kuna virusi vinavyotumia mashine yako kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu mwingine, na baadhi yake hujificha mara tu vikiona Task Manager imefunguliwa. Kwa hivyo tazama wati kwa HWiNFO kabla hujafungua kitu kingine. Yake ilikuwa na wati 14 akiwa hafanyi lolote. Nilipomuuliza, alikuwa amepakua programu ya kuvunja leseni ya Windows. Unaweza kujaribu ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, lakini mimi kwa hali kama hiyo siamini tena chochote kilichomo. Tulihamisha picha na kazi zake za chuo kwenye diski ya nje, tukafuta yote, tukaweka Linux Mint ambayo haihitaji kuvunjiwa leseni. Alibadilisha nywila zake zote kwa kutumia simu, si kwa kutumia laptopu ile.

Tuje kwa hali ya pili, wati chache na joto jingi. Yangu baada ya kuondoa programu ya printa ilikuwa hapo hasa: wati 2.5, nyuzi 59, chumba 24. Bado juu mno.

Kabla ya kufungua, angalia imekaa juu ya nini. Nyumba zetu kila meza ina kitambaa cha kushonwa kwa uzi, na mama zetu wanavipenda. Laptopu nyingi huvuta hewa kutoka chini, na kitambaa kile huziba matundu kama kifuniko cha sufuria. Kitanda na blanketi ni vibaya zaidi. Ondoa kitambaa, weka vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma ili hewa ipite, kisha pima tena baada ya dakika 15. Yangu ilishuka nyuzi 4 kwa vifuniko viwili, bila senti. Andika 55 daftarini, na usibadilishe kitu kingine hadi umeandika. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi lilikusaidia.

Kufungua sasa. Tafuta kwanza video au mwongozo wa aina yako hasa, maana skrubu nyingine hujificha chini ya mpira wa miguu. Zima kabisa, chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kama iko ndani, ThinkPad nyingi zina chaguo ndani ya bayosi (menyu ya mipangilio kabla Windows haijaanza) liitwalo Disable Built-in Battery. Kwa nyingine utachomoa waya wa betri mara tu ukifungua, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Ukiona betri imefura, au kibao cha kugusa kimeinuka, acha hapo. Usiibonye wala kuitoboa. Hiyo inatafutiwa betri mpya kwanza.

Chora laptopu kwenye karatasi na uweke kila skrubu pale ilipotoka, kwa kuwa urefu wake hutofautiana na ndefu ikiingia pa fupi hutoboa.

Nilipofungua yangu, mbawa za feni zilionekana safi kiasi. Fundi alikuwa amezipiga brashi. Vumbi lenyewe lilikuwa pale usipoliona: kati ya feni na yale mapezi ya shaba ambayo hewa hupenya ikitoka nje. Lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi, la kijivu na lenye mafuta. Chini ya dirisha langu kuna mama wa chipsi, na moshi wa mafuta yake hupanda kila jioni. Vumbi la Eastlands likikutana na mvuke wa mafuta halipulizwi likatoka, linagandamana. Ilibidi nifungue skrubu tatu ndogo za feni, niiinue, nilitoe blanketi lile kwa kibanio cha nyusi, kisha nisugue mapezi kwa mswaki mpya mkavu. Ndani ya mashine ya kaka yangu, anayekaa Kayole, nilikuta mayai ya mende. Mende hupenda joto la laptopu, kwa hivyo ukiwa nao jikoni, usiiache laptopu huko usiku.

Ukitumia bloa, zuia mbawa za feni kwa kijiti cha meno zisizunguke, kwa sababu zikizungushwa kwa nguvu kupita kiasi zinaharibu beringi, na feni ikizungushwa hivyo inaweza kuzalisha umeme kidogo urudi kwenye bodi. Puliza kutoka nje ya mapezi kuelekea ndani, huku feni ikiwa imetolewa, ili uchafu utoke ulikoingilia. Na tafadhali usiipeleke petroli stesheni kupulizwa kwa hewa ya magurudumu. Hewa ile ina nguvu nyingi na mara nyingi hubeba matone ya maji na mafuta.

Nilirudisha kila kitu, nikawasha, nikangoja. Wati 2.5, nyuzi 44, chumba 23. Feni ilikuwa imesimama kabisa. Nilikaa nikiisikiliza kimya ile kwa dakika nzima kabla ya kufungua faili ya mzee wangu, na safari hii nikamsikia: alikuwa akitaja jina la mto.

Pesti naiweka baada ya kusafisha, na wakati tu dalili zinaidai: umeshasafisha, wati ni chache, na bado iko juu, au ukianzisha kazi nzito joto linaruka hadi 95 ndani ya sekunde moja na kuanguka papo hapo ukiacha. Kuruka huko kunaonyesha shaba haijagusana vyema na prosesa. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa cha miwani na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya vidonda ya chemisti siipendekezi. Baadhi huchanganywa na mafuta ya mbarika, na mafuta ndiyo usiyoyataka hapo. Paka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, itandaze nyembamba ifunike kile kioo cha prosesa chote. Skrubu za shaba huwa zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4. Kaza kwa kufuata namba hizo, kidogo kidogo, duru mbili. Ukikuta vipande laini kama chingamu juu ya vijipande vingine vya bodi, viache vilivyo. Pesti haiwezi kujaza pengo vinalolijaza. Na dawa ya meno, ambayo nimeona watu wakiisifia, hukauka haraka ikawa kama chaki.

Hali ya tatu, mashine baridi na feni yenye kelele, hutambulika kwa sikio. Mvumo wa upepo ni kasi tu. Mkwaruzo kama wa kusaga ni beringi imeisha, na hapo dawa ni feni mpya. Kutia mafuta husaidia siku chache. Mlio wa tik-tik-tik ni waya au uchafu unaoguswa na mbawa za feni. Mlio mwembamba kama mbu, unaobadilika ukisogeza kipanya, hautoki kwenye feni, ni koili za umeme, na hauna madhara. Kugongagonga kutoka upande wa diski ya zamani ya kuzunguka ni onyo jingine: nakili faili zako leo hii. Feni iliyokufa kabisa hujitangaza yenyewe ikiwashwa, HP huandika System Fan (90B) na ThinkPad huandika Fan error. Usilazimishe mashine kufanya kazi na ujumbe huo.

Kuna njia moja ya mkato ninayoitumia mwenyewe usiku. Kwenye Power Options, ndani ya Processor power management, weka Maximum processor state iwe asilimia 99. Kwa prosesa nyingi za Intel, hiyo moja inayokosekana inazima kule kupandishwa kasi kwa ghafla. Laptopu inapungua mwendo, ila kwa kuandika na kusikiliza sauti hutaona tofauti, na feni haishtuki kila dakika. Baadhi ya mashine mpya zimeficha chaguo hilo. Itumie baada ya kupata chanzo, kwa maana ukiitanguliza inafunika dalili na vumbi linaendelea kujaa.

Ukiamua kumpelekea fundi, nenda na daftari. Mwambie wati ni ngapi, nyuzi ngapi, umejaribu nini. Mwombe aitoe feni na akuonyeshe mapezi kabla ya kupaka chochote, na kama anabadilisha feni, akurudishie ile ya zamani. Pima mbele yake, kisha pima tena nyumbani baada ya siku saba bila kuizima.